Nilimsingizia Mchumba wa Rafiki Yangu Virusi vya Kompyuta

Wacha niseme mapema, kabla sijaanza kujitetea: kosa ni langu. Si la shetani, si la jirani, si la stima kupotea. Ni langu mimi na mdomo wangu, na macho yangu haya yasiyoweza kupita karatasi ya mtu bila kuisoma.

Jina langu sitataja. Embu si mji mkubwa, na tayari kuna kina mama sokoni ambao nikipita wananiita "yule wa kompyuta". Hiyo inanitosha.

Nafanya kazi katika duka la kuchapa hapo mjini. Tunachapa programu za mazishi, kadi za harusi, barua za kuomba kazi na tasnifu za wanafunzi wa chuo. Mwenye duka ni mwalimu mstaafu, na sisi sote tunamwita Mwalimu tu. Binti yake, Wawira, ni rafiki yangu tangu shule ya upili, na ndiye aliyenitafutia hiyo kazi. Nilipotoka kwetu Kiritiri na begi moja, alinipa nusu ya kitanda chake mpaka nikapata nyumba yangu. Mambo kama hayo mtu hapaswi kuyasahau, na mimi niliyasahau ndani ya siku moja tu.

Sasa nikuambie kuhusu udaku wangu. Mimi ni mdaku wa kuzaliwa! Ukiniletea wasifu wa marehemu niuchape, nitajua ni mke gani ameachwa nje kabla hata familia haijaanza kununiana. Nitajua ni nani anaomba kazi kwingine huku kwa bosi wake anaitikia "ndiyo mkubwa". Wawira alikuwa akinikanya kila siku, akinikanya huku amevuta kiti karibu asikie vizuri.

Halafu kuna Mutethia. Huyu ni fundi wa kompyuta kutoka Kanyakine, kule Meru. Alikuja kurekebisha printa yetu, akairekebisha mara nyingi kuliko ilivyokuwa ikiharibika, ndipo tukang'amua kwamba hakuwa akiifuata printa. Ni kijana mwenye diploma, na ana mdomo! Akianza kukueleza jambo la kompyuta chai yako inapoa, na ya jirani pia.

Alikuwa na wimbo mmoja, apdeti. Kila akiingia, hata kabla hajamsalimia Wawira, ananiuliza, "Dada, apdeti zinaingia?"

"Zinaingia vizuri sana," namjibu.

Uongo mtupu! Nilikuwa nimezizima kwenye kompyuta zote nne, hata ile ya Mwalimu, siku moja akiwa ametoka. Unajua kwa nini? Waifai yetu ni ya kusukuma. Ikibeba apdeti, tamthilia yangu ya Kifilipino inakwama, na inakwama pale pale mkono umeinuliwa mtu apigwe kofi. Makofi mengi sana yalinipita. Basi nikazima, na kile kijidirisha kikitokea kuniuliza kama niko tayari, nilikuwa nakifukuza kama kuku aliyeingia jikoni. Mashine zilikuwa zinawaka, watu walikuwa wanachapiwa, mimi nikaona kila kitu kiko sawa.

Jumatatu moja asubuhi ikaingia barua pepe ambayo sikujua imetoka kwa nani. Hilo peke yake si ajabu. Kazi yetu ni kufungua faili za watu tusiowajua, kutwa nzima. Lakini hii haikuwa na "tafadhali nichapie nakala mbili". Ilikuwa na faili tu, na jina la faili lilikuwa: Kesi ya Talaka, Siri, Isomwe na Mhusika Pekee.

Ungefanya nini? Usinidanganye!

Nikaifungua. Ikatokea kurasa nyeupe, ikaganda kidogo, kisha programu nzima ikajifunga yenyewe. Nikaifungua tena. Ikajifunga tena. Nikahisi kama mtu amenifungia mlango usoni nikiwa nimeshasikia sauti za ugomvi ndani.

Wewe unayefanya kazi ya cyber unanielewa. Kwetu, faili ikikataa kwa mashine moja, hatuiachi. Tunaipeleka kwa mashine nyingine, kwa sababu kila mashine ina tabia zake. Ile ya dirishani haipendi picha, ile ya kona haipendi majedwali. Basi nikaweka ile talaka kwenye flashi ya duka nikaipeleka kwa mashine ya pili. Ikakataa. Ya tatu, ikakataa.

Ikabaki ya nne. Hiyo iko chumba cha nyuma, ni ya Mwalimu peke yake, na hakuna mtu anaruhusiwa kuigusa. Ndiyo anayoandikia kitabu chake cha maneno ya Kiembu, aliyoanza kuyakusanya tangu akiwa bado anafundisha. Mwalimu alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Nikaingia nyuma, nikachomeka flashi, nikafungua.

Ikakataa pia! Nilirudi kwenye kiti changu na hasira, kwamba kuna watu wanaachana na sijui ni kina nani.

Mchana wa siku hiyo hiyo Mutethia akaja na flashi yake, amefurahi, mdomo haufungiki. Jumamosi ndiyo siku ukoo wake ungekuja kwa kina Wawira kuleta ruracio, yaani mahari. Alitaka picha fulani zichapwe apeleke kwa wajomba zake. Nikamchapia, nikamtania kuhusu mbuzi, akaenda.

Jumanne asubuhi tukawasha mashine. Hakuna faili hata moja ilikubali kufunguka. Majina yote yalikuwa yameota mikia ya herufi za ajabu, na kwenye skrini kulikuwa na maneno ya Kizungu yakisema kazi zetu zimefungwa, na tukitaka zifunguliwe tuwaandikie wao. Wao kina nani? Haikusema.

Programu za mazishi, zimeenda. Tasnifu za watoto wa chuo, zimeenda. Halafu Mwalimu akatoka chumba cha nyuma polepole, miwani mkononi.

"Maneno yangu hayafunguki," akasema.

Alikuwa na nakala kwenye flashi, lakini flashi yenyewe ilikuwa inaishi imechomekwa kwenye mashine, usiku na mchana. Nayo ilikuwa imefungwa pamoja na vingine.

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Nilijua kabisa! Sikujua ni kwa njia gani, lakini nilijua ni ile talaka, kwa sababu hakuna kitu kingine ambacho kilikuwa kimeguswa na mashine zote nne. Mwalimu akauliza, "Nani ameweka kitu kwa hizi mashine jana?"

Na mdomo wangu, bila kuniuliza mimi mwenyewe, ukajibu, "Mutethia alileta flashi."

Si ilikuwa kweli? Si aliileta? Ndivyo nilivyojiambia, na nikaweka uso wa mtu asiyependa kusema mabaya ya wengine.

Mwalimu tangu mwanzo hakuwa amempenda sana huyo kijana. Alikuwa akisema anaongea kama mtu anayeuza dawa ya panya sokoni. Sasa akapata sababu. "Mkwe huja na mbuzi," akasema. "Huyu amekuja na virusi. Mtu ameshindwa kulinda kompyuta nne, binti yangu atamlinda na nini?" Akachukua simu, akapiga Kanyakine, akawaambia wasije Jumamosi.

Wawira alikuja kwangu jioni macho yamevimba. Akanishika mikono. "Wewe ulikuwa hapo. Niambie ukweli, ni yeye?"

"Mimi mambo ya kompyuta sijui," nikasema.

Nikatoka nikamnunulia mandazi. Alikula akilia, na akanishukuru. Aki hizo shukrani zake zilinichoma!

Mwalimu alikuwa amemkataza Mutethia kukanyaga dukani, achilia mbali kugusa mashine, kwa hivyo hakuna aliyeweza kuchunguza. Alhamisi Mutethia alituita mimi na Wawira kwenye kibanda cha chai nyuma ya stendi. Kwa mara ya kwanza hakuwa anapiga kelele.

"Maze, sielewi," akasema. "Hii kitu huingia kwa ile programu ya kuandikia ikiwa ya zamani. Iko na tundu."

"Tundu gani?" Wawira akauliza.

"Sikia. Ukifungua faili, programu inajitengea nafasi kwa kumbukumbu ya kompyuta ndio ifanye kazi. Ikimaliza na hiyo nafasi, inaiachilia. Sasa hii ya zamani inaiachilia, lakini inasahau imeiachilia. Ni kama uko na nyumba ya kupangisha, mpangaji amehama, na wewe bado unapiga simu ya hiyo nyumba ukiuliza ufanye nini. Mwizi ameingia, ndiye anashika simu. Anakwambia fungua boma, unafungua boma."

"Kwani lazima mtu abonyeze kitu?" nikauliza mimi, nikiangalia kikombe. "Akifungua tu, bila kubonyeza chochote?"

"Kufungua tu inatosha, dada. Faili mbaya imepangwa vizuri, ikae pale kwa hiyo nafasi. Programu inaweza hata kujifunga, unadhani imekataa. Kumbe mwizi ameshaingia."

Nikajiona nikibeba ile flashi kutoka mashine hadi mashine, kama mtu anayemtembeza mwizi boma zima akimwonyesha vyumba!

"Lakini waliotengeneza walishaona hilo tundu," akaendelea, "wakatuma ya kuliziba. Inakuja na apdeti. Na kwenu apdeti zinaingia. Si zinaingia?"

Akaniangalia. Wawira akaniangalia.

"Zinaingia," nikasema.

Mutethia akasukuma kikombe chake kando. Kisha akasema, "Basi labda ni flashi yangu kweli. Nilikuwa nimeitumia kwa mtu fulani huko Meru. Mimi fundi mzima, nimewaharibia." Akainamisha kichwa, na Wawira akaondoa mkono wake mezani, pole pole, akauweka kwa mapaja yake.

Nilirudi nyumbani nikajiambia mambo yatapoa. Hayakupoa.

Jumamosi, huku Mwalimu akijua hakuna mgeni, pikapu mbili zikapanda kilima mpaka lango lake. Wajomba wa Mutethia walikuwa wamekuja na mbuzi, asali, shangazi, kila kitu. Nilikuwa huko kwa sababu Wawira aliniomba nikae naye siku hiyo asilie peke yake. Tulikuwa jikoni na jirani zake, tukikoroga muthokoi ambao mama yake alikuwa ameshauloweka kabla ruracio haijavunjwa, na mahindi yakishalowa hayajui habari za kuvunjwa.

Kwa kawaida wageni wakifika langoni wanaimba, na wa ndani wanawajibu, wanataniana mpaka lango linafunguliwa. Siku hiyo waliimba wao peke yao. Wa ndani hawakujibu. Mwalimu alisimama upande wa ndani wa lango, mikono nyuma, kama yuko gwaride la shule.

Mjomba mkubwa wa Mutethia alikuwa mzee mfupi aliyevaa koti zito kwenye jua. "Muthoni wetu," akaita, yaani mkwe wetu, kwa heshima zote. "Tumesikia kuna kesi. Sisi hatujakimbia kesi. Lakini kijana wetu hata hajaulizwa kitu. Tumekuja aulizwe."

Wazee wa upande wa Mwalimu, waliokuwa wamesikia pikapu na wakaja haraka mno kwa watu ambao hawakualikwa, wakaona hayo ni maneno ya maana. Kesi ikaanza hapo hapo, lango katikati.

"Ng'ombe akiingia shamba la mtu tunaangalia nyayo," akasema mjomba. "Hiyo kompyuta iko na nyayo?"

"Iko nazo, mjomba," Mutethia akajibu. "Sijaruhusiwa kuziangalia."

"Basi nani alikuwa hapo siku hiyo?"

Na Wawira akanishika mkono akanitoa jikoni, mwiko ukiwa bado mkononi mwangu. "Rafiki yangu alikuwa hapo," akasema mbele ya watu wote. "Huyu hawezi kunidanganya. Muulizeni yeye."

Woi! Ardhi ingepasuka ningeishukuru.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?" Mwalimu akauliza.

"Ni mimi nilizima apdeti."

Wazee wakaangaliana. "Apdeti ni nani?" mjomba akauliza.

Mutethia alikuwa ameshafungua mdomo, macho yanawaka. Mjomba akamwinulia fimbo. "Wewe fupisha."

"Ni kuziba tundu, mjomba. Wenye programu walituma fundi azibe. Yeye akawa anamfukuza kila siku."

"Kwa nini ulimfukuza?" akaniuliza mjomba, kwa upole kabisa, upole uliokuwa mbaya kuliko kufokewa.

"Nilikuwa natazama tamthilia."

Kisha shangazi mmoja kwenye pikapu akauliza, "Ile ya yule dada anapigwa kofi hospitalini?" Wenzake wakamnyamazisha, lakini niliona wawili wanajiuma midomo.

Nikasema yote. Talaka, flashi, mashine ya dirishani, ya kona, chumba cha nyuma. Nilipofika kwa chumba cha nyuma Mwalimu alitoa miwani akaifuta, akaivaa, akaitoa tena. Wawira aliuachilia mkono wangu. Hakuniangalia.

Wazee walikaa kando kidogo wakarudi na hukumu. Mimi nilete beberu, apelekewe wageni niliowavunjia heshima. Na Mwalimu, kwa kuwafungia wakwe lango bila kuuliza, alete kondoo dume warudi naye nyumbani. Mwalimu akakubali! Nafikiri ni ruracio ya kwanza huku kwetu ambapo waliokuja kuleta mifugo waliondoka na mwingine juu ya pikapu. Lango likafunguliwa, nyimbo zikaanza, muthokoi ukaisha wote.

Mimi nikasimama nyuma ya ghala nikapiga simu Kiritiri.

"Mama, nahitaji beberu."

"Unaolewa?"

"Hapana. Ni faini."

"Umemgonga mtu?"

"Ni mambo ya kompyuta, mama."

"Kompyuta siku hizi zinakula mbuzi?"

Nilimweleza. Hakunitukana. Alisema tu kwamba ataleta yule mweusi mwenye kengele, ambaye alikuwa anamtunza kwa ajili ya siku yangu. Alimleta mwenyewe Jumapili, akanikabidhi kamba, akakataa hata maji.

Mwalimu hakunifuta kazi, na nadhani ingekuwa nafuu kama angenifuta. Kile kitabu chake hakikupatikana. Mutethia alijaribu kila njia, faili zikakataa katakata. Kwa hivyo kila Jumamosi naketi chumba cha nyuma, bila malipo, Mwalimu anasema na mimi naandika upya. Tumefika kwa mbuzi. Kumbe Kiembu kina jina la mbuzi wa kila umri! Lakini kuna maneno aliambiwa na dada yake mkubwa, na dada huyo tulishamzika. Akifika hapo anafunga macho, anatafuta, midomo inacheza. Halafu ananiambia, "Ruka hilo." Naruka. Nimeacha nafasi nyingi kwenye hizo kurasa, na kila moja ni yangu.

Wawira na Mutethia walioana. Wawira alinisamehe, alisema hivyo kwa mdomo wake, na najua hakuwa anaigiza. Nilikuwa kwenye harusi. Nilikula keki. Lakini mimi ambaye nilikuwa najua siri za mji mzima, siku hizi habari za rafiki yangu sizipati. Juzi mama mmoja anayeuza ndizi ndiye aliyeniambia kwamba Wawira ni mjamzito. Mwenye ndizi! Nilikimbia kwake nikamuuliza, akatabasamu, akasema alikuwa anapanga kuniambia, kisha akauliza kama kwetu Kiritiri mvua imenyesha.

Ndugu yangu unayesoma haya, kijidirisha kikikuomba dakika chache, kubali, toka ukanywe chai, makofi ya tamthilia hayataisha leo. Faili ikikataa kufunguka, iache ikatae, usiitembeze. Na ukiharibu kitu na rafiki yako akushike mikono akuulize ukweli, mwambie siku hiyo hiyo. Wangu aliniuliza mara mbili, kwangu kwa mdomo na kwenye kibanda cha chai kwa macho, na tangu hapo hajaniuliza kitu tena isipokuwa mvua.